Wanawake Waliovuka Ruvuma

Ramani yasema ya kuwa mto Ruvuma ni mpaka. Lakini kwa Wamakonde ni maji ya kuvuka tu, maana ndugu zao wako ng'ambo zote mbili. Katika miaka ya vita vya Msumbiji, 1964 hata 1974, wanawake wengi waliuvuka, nasi twawasimulia watoto wetu habari zao mara chache mno.

Kwanza kazi yao ilikuwa ile ya siku zote, kuchukua mizigo kichwani. Ila mzigo wenyewe haukuwa mtama wala muhogo, bali risasi na mabomu. Tena mwendo ulikuwa wa siku nyingi, na ndege za Wareno juu. Wakirudi, shamba lawangoja. Asemaye kwamba vita ni kazi ya wanaume, na auchukue mzigo ule.

Mwaka 1967 wasichana 25 walifundishwa bunduki huko Nachingwea. Wanaume wengi walichukizwa, hata waliokuwa jeshini. Lakini kikosi cha wanawake kikasimama, kikalinda vijiji, kikalea yatima. Katika wale 25 alikuwamo Josina Machel, aliyeongoza baadaye idara ya mambo ya jamii ya FRELIMO. Alikufa Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, umri wake miaka 25, akaacha mwana mdogo.

Tarehe hiyo sisi twamkumbuka Mzee Karume, aliyeuawa mwaka 1972. Kule ng'ambo ya mto ni Siku ya Wanawake.