Figo mbili kando ya mto Olentangy

 

Katika maneno mapya ya mwezi huu kuna neno "ardhioevu". Bibi zenu huenda hawalitumii. Wao watasema kinamasi, au "kule kwenye matete". Maana ni ile ile: mahali ambapo ardhi imelowa maji mwaka mzima au sehemu kubwa ya mwaka, na mimea yake imezoea kusimama majini. Nimelichagua kwa sababu mahali panapojulikana duniani kwa kufundisha namna ya kuponya ardhioevu pako hapa hapa Columbus, na wengi wetu tunapita karibu napo kwa gari bila kujua.

Kaskazini ya katikati ya mji, kando ya mto Olentangy, Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio kina hifadhi ya utafiti ya hekta 21 hivi. Ndani yake kuna mabwawa mawili yaliyochimbwa na watu, kila moja hekta 1, na yote mawili yana umbo la figo. Hilo si pambo. Wataalamu huziita ardhioevu figo za nchi, na mimi kama muuguzi naona jina limekaa vizuri, ingawa si kwa kila kitu.

Damu yako hupita kwenye figo mara nyingi kwa siku, figo zikachuja uchafu, ukatoka kwa mkojo. Figo zikifa, mtu hufungwa kwenye mashine mara tatu kwa juma, saa nne kila mara, na bado mashine haifikii kazi ya figo mbili zenye ukubwa wa ngumi. Sasa tazama mto. Mvua inanyesha mashambani, inabeba mbolea na udongo. Maji yale yakipita kwenye kinamasi hupunguza mwendo, na udongo unatulia chini pamoja na fosforasi iliyoshikamana nao. Halafu wako bakteria wanaoishi kwenye tope lisilo na hewa. Hao huigeuza nitrati ya mbolea kuwa gesi ya naitrojeni, ikarudi hewani. Lakini fosforasi haiendi hewani. Inabaki kwenye tope, na tope nalo lina mwisho wa kupokea. Kwa hiyo msimwache mtu awaambie kwamba kinamasi kinaweza kutupiwa chochote milele.

Turudi kwenye yale mabwawa mawili. Mwaka 1994 profesa William Mitsch na wenzake walianza kuyajaza maji ya mto kwa pampu. Bwawa la kwanza walipanda mimea ya majini ya aina 13. Bwawa la pili hawakupanda hata jani moja. Maji yalikuwa yale yale, kwa kiasi kile kile. Kisha wakakaa wakiangalia, na si kwa mwaka mmoja, bali kwa miaka zaidi ya kumi na tano.

Wewe ungesema lipi litashinda? Hata bwawa lisilopandwa lilijaa kijani. Mbegu zililetwa na mto, na upepo, na miguu ya ndege. Baada ya miaka michache mabwawa hayo yalikuwa yanafanya kazi karibu sawa, na baadaye yote mawili kwa pamoja yakawa na aina za mimea zaidi ya 100. Tofauti haikufutika kabisa: lile lisilopandwa lilitawaliwa kwa muda na yale majani marefu yenye kichwa cha kahawia kama mshikaki, mnayoyaona kwenye mitaro ya barabarani. Wakaja panya wa majini, wakubwa kama sungura, wakayafyeka kwa kuyala. Nalo hilo liliandikwa daftarini.

Hapo ndipo lilipo somo ambalo wanafunzi na watafiti kutoka nchi nyingi wamelifuata hapo: rudisha maji kwanza, mimea itafuata. Mtu anayefika na miche elfu mkononi, akaipanda mahali ambapo maji hayafiki, anapoteza miche na fedha za watu. Sisi wauguzi tunafundishwa vivyo hivyo. Kabla ya dawa, pima mapigo, pima presha, pima joto, uandike.

Kwenye mafunzo ya namna hii kazi nyingi ni ya matope. Mwanafunzi husoma kina cha maji kwenye kijiti chenye alama, tena na tena, majira yote. Huweka fremu ya mita moja ya mraba juu ya majani na kuhesabu kila mmea uliomo. Kisha huchimba shimo na kutazama rangi ya udongo. Hili ndilo ninalolipenda zaidi. Udongo wenye hewa huwa mwekundu au wa kahawia kwa sababu ya chuma iliyoshika kutu. Udongo uliokaa majini muda mrefu huwa wa kijivu, na pembeni mwa mizizi huona vidoa vya kutu, mahali mzizi ulipopitisha hewa kidogo. Hata kinamasi kikikaushwa na kulimwa mahindi miaka mingi, udongo bado unaweza kukuonyesha kwamba hapa palikuwa na maji.

Na Ohio imekausha vingi, karibu asilimia 90 ya ardhioevu zake zote. Kaskazini magharibi mwa jimbo palikuwa na kinamasi kikubwa mno, kama kilomita za mraba 4,000, kikakaushwa katika karne ya 19 kwa mitaro na mabomba ya udongo wa kuchoma. Leo ni mashamba mazuri, nayo mbolea yake inatelemka moja kwa moja hadi Ziwa Erie. Agosti 2014 mwani wenye sumu ulijaa ziwani, na mji wa Toledo ukawaambia watu zaidi ya 400,000 wasinywe maji ya bomba kwa siku tatu hivi. Wazazi, hapa nisikilizeni vizuri. Kwetu maji tukiyatilia shaka tunayachemsha. Sumu ile haifi kwa moto. Ukichemsha, maji hupungua na sumu hubaki, ikawa kali zaidi, nayo hushambulia ini. Tangazo likisema "msichemshe", msichemshe, hata kwa maziwa ya mtoto mchanga. Tumieni maji ya chupa.

Wenzetu wa Tanzania wanakijua kinamasi cha Ihefu, katika bonde la Usangu. Maji yake huingia mto Ruaha Mkuu, unaopita kwenye hifadhi ya wanyama na kujaza bwawa la umeme la Mtera. Kuanzia 1993 mto huo umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi. Juu yake kuna mifereji ya mashamba ya mpunga, na mifugo ilikuwa mingi. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa pamoja na ng'ombe wao. Kwa maoni yangu, kumhamisha mtu ni rahisi kuliko kukaa naye na kugawana maji ya mfereji, lakini mto unahitaji hilo la pili.

Wala msidhani elimu hii inatoka Ulaya na Marekani tu. Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, Kenya, kimeendesha shahada ya uzamili ya ardhioevu pamoja na vyuo vya Vienna na Delft, na wanafunzi wa mataifa mengine wamekwenda Kenya kusoma.

Kazi ya nyumbani, watoto: pamoja na mzazi, chimbeni shimo la kina cha mkono mmoja uani kwenu, au kwa jirani mkimwomba ruhusa, si ndani ya hifadhi. Chukueni udongo kidogo kwenye mfuko wa plastiki, mwandike mahali na tarehe. Jumamosi tutaumwaga wote juu ya karatasi nyeupe na kuupanga kuanzia mwekundu hadi wa kijivu.