Vidole Vitatu Baada ya Miaka Mitano

Kupima upana wa mdomo hakuhitaji kompyuta. Mtu mzima mwenye taya salama akipanua kinywa, vidole vyake vitatu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine hupita kati ya meno ya juu na ya chini. Aliyetibiwa saratani ya kinywa mara nyingi huishia viwili, pengine kimoja. Kwa wataalamu, upana wa milimita 35 au pungufu ni mdomo uliokaza: tonge la wali linagoma kuingia, mswaki haufiki magego, daktari wa meno hana pa kupitishia chombo. Nchini India, ambako wagonjwa wapya wa saratani ya midomo na kinywa walikadiriwa kuzidi 140,000 mwaka 2022, kuna wanaofika hospitali utando wa mashavu ukiwa umeshakakamaa kwa sababu ya popoo, hiyohiyo inayotafunwa kwa tambuu katika pwani yetu.

Sasa zipo programu za simu zinazotumia akili mnemba kusimamia mazoezi ya wagonjwa hawa. Kamera inasoma uso, inakadiria upana wa mdomo, inahesabu marudio na kumkumbusha aliyesahau. Ni msaada wa kweli, lakini tunaupima mapema mno. Mionzi inayotumika kutibu saratani ina tabia ya pekee: tiba huisha, ila misuli iliyochomwa huendelea kugeuka kovu kwa miezi, hata miaka. Mdomo uliofunguka vizuri wiki ya nane unaweza kukaza mwaka wa tatu. Kwa hiyo jaribio linalofungwa baada ya miezi michache linatuonyesha mwanzo mzuri tu. Matokeo yenyewe bado yako njiani.

Kwamba mazoezi yanafaa, tulishajua bila akili mnemba. Mwaka 2008 watafiti wa Kanada walichapisha jaribio la wagonjwa 52 wa saratani ya kichwa na shingo waliobaki na maumivu ya bega baada ya upasuaji. Wiki 12 za mazoezi ya kuinua uzito zilipunguza maumivu na udhaifu kuliko mazoezi ya kawaida. Tatizo ni kudumu. Katika uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2013, kati ya wagonjwa 109 walioelekezwa mazoezi ya kumeza, asilimia 13 tu ndio waliyafuata kikamilifu. Hapo ndipo programu inapopaswa kuonyesha thamani yake: mgonjwa angali anafanya mazoezi mwaka wa pili, wakati hofu imepungua na kazi zimerudi?

Yupo atakayesema kwamba tukisubiri matokeo ya miaka mitano, wagonjwa wataumia ilhali wataalamu wa fiziotherapia ni wachache na hospitali ziko mbali. Hoja hiyo ina uzito, nami sisemi programu zifungiwe. Nasema zitumike huku zikihesabiwa kwa uaminifu. Anayeacha kutuma vipimo hutoweka kwenye takwimu, na wanaobaki ni wale wanaoendelea vizuri. Wastani hupanda bila mdomo wa mtu kufunguka zaidi. Walioacha, waliougua tena na waliofariki lazima wahesabiwe pia.

Wengine watadai kwamba kamera haichoki wala haipendelei. Lakini programu iliyofunzwa kwa nyuso kamili inaweza kukosea mbele ya taya lililokatwa upande mmoja. Tena mdomo unaozidi kukaza ghafla huenda ukawa dalili ya saratani kurudi; programu inayojua kuhimiza tu itamwambia mgonjwa aongeze bidii, wakati anatakiwa kuonwa na daktari siku hiyohiyo. Sharti iwe na kikomo ambapo inaacha kuhimiza na kumwita binadamu.

Basi anayeinunulia hospitali vifaa akionyeshwa programu hizi, asiridhike na usahihi wa kamera. Aulize: kati ya wagonjwa wote walioanza, wangapi wangali wanaingiza vidole vitatu mwaka wa tano?