Kula mara sita kwa siku: hesabu haikubali

"Usikae na njaa. Kula kidogo kidogo, mara sita kwa siku, mafuta yatayeyuka yenyewe." Ushauri huu umeenea kwa walimu wa mazoezi na kwenye makundi ya WhatsApp ya wanaopunguza mwili. Maelezo yake ni yale yale: mwili ni jiko la mkaa, usipouongezea mkaa kila mara moto unafifia.

Wazo lenyewe halikuzuka mtaani. Mwaka 1964 Pavel Fábry na wenzake wa Prague walichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi wa wanaume wa miaka 60 hadi 64. Waliokula mara tatu au pungufu kwa siku walielekea kuwa wanene kuliko waliokula mara tano na zaidi. Lakini mtu akishaona kitambi kinakuja, jambo la kwanza analofanya ni kuruka mlo. Huenda basi unene ndio uliopunguza milo, wala si milo iliyoleta unene.

Tena, anayeulizwa amekula nini hutaja wali na kusahau karanga. Mwaka 1992 watafiti wa New York waliwapima watu kumi waliolalamika kwamba hawapungui hata wakijinyima. Waliwanywesha maji yenye haidrojeni na oksijeni nzito kuliko za kawaida, kisha wakafuatilia zinavyotoka mwilini ili wajue nishati iliyotumika. Miili yao ilikuwa sawa kabisa. Walichoripoti kula ndicho kilichopungua, kwa karibu nusu ya ukweli. Sidhani walikuwa waongo. Vitu vidogo vidogo havikai kichwani, na anayekula mara sita anavyo vingi zaidi vya kusahau.

Hoja ya jiko ina chembe ya ukweli. Kusaga chakula kunagharimu nishati, kwa wastani asilimia 10 ya kalori zilizoliwa, na protini hugharimu zaidi ya mafuta. Ila piga hesabu. Aliyekula kalori 2,000 atatumia kama 200 kuzisaga. Akizigawa mara tatu, kila mlo utachukua kama 67. Akizigawa mara sita, 33. Jumla haibadiliki. Huko Maastricht, Uholanzi, watafiti waliwafungia watu kwenye chumba kinachopima hewa wanayovuta na kutoa, wakawalisha mara mbili kwa siku, kisha mara saba. Nishati iliyotumika kwa saa 24 ilikuwa ile ile. Mwaka 2010, Ottawa nchini Kanada, watu wanene walipunguziwa chakula kwa kiasi sawa kwa wiki nane, wengine kwa milo mitatu, wengine wakiongezewa vitafunio vitatu. Wote walipungua, na hakuna kundi lililolishinda jingine.

Prague nayo ilirudi na jibu la kinyume. Mwaka 2014 Hana Kahleová na wenzake waliwapa wagonjwa 54 wa kisukari aina ya pili kalori zile zile, kwa milo miwili mikubwa, asubuhi na mchana, au kwa milo sita midogo, wiki 12 kila mtindo. Kwa milo miwili walipungua kilo 3.7, kwa sita, 2.3. Kwa kuwa hiyo miwili haikugusa usiku, ni vigumu kusema kilichosaidia ni idadi au saa.

Kwetu swali gumu zaidi ni chai ya saa nne. Andazi limekaangwa kwenye mafuta, na vijiko vitatu vya sukari kikombeni ni karibu kalori 50 kabla hujahesabu maziwa. Ukiamua kula mara sita, hiyo chai nayo ihesabiwe, na sahani ya mchana ipungue kweli. Wengi hatuipunguzi. Anayeishi vizuri na milo mitatu, au miwili, hana sababu ya kujilazimisha. Ila anayetumia insulini, au vidonge vinavyoweza kuishusha sukari ghafla, asiruke mlo kabla hajazungumza na daktari wake.