Nasaba ya Chuo

Katiba ya Marekani, iliyoandikwa mwaka 1787, yaikataza dola kumtunukia mtu yeyote lakabu ya ukabaila, kwa kuwa waasisi wa taifa lile walikuwa wamekwisha kuchoshwa na wafalme na mamwinyi wa Ulaya. Wanasheria wa nchi hiyo, ambao ndio walinzi wa katiba yenyewe, hawakukosa njia ya kujitungia uungwana wao, na uungwana huo ni nasaba ya chuo. Mawakili wawili vijana wakikutana karamuni, kabla ya kuulizana wameshinda kesi gani, huulizana wamesoma wapi. Na jibu likishatoka, kila mmoja huwa amekwisha kukijua cheo chake.

Vyuo vya sheria vilivyoidhinishwa huko vyakaribia mia mbili, lakini vinavyotajwa kwa taadhima ni kumi na vinne tu, na hata katika hivyo Yale, Harvard na Stanford hukaa mbele ya jamvi, vilivyosalia vikajipanga nyuma. Adabu ya mwenye nasaba ni kuificha nusu: aliyetoka Harvard akiulizwa hujibu kuwa alisoma Boston, akamwachia msikilizaji amalizie mwenyewe. Unyenyekevu wa namna hii, kwa maoni yangu, una takaburi kuliko majivuno ya dhahiri.

Masomo ni ya miaka mitatu, baada ya shahada ya kwanza, walakini majaaliwa ya mwanafunzi hukatwa mapema mno. Ofisi kubwa za mawakili za New York, Washington na Chicago huwasaili wanafunzi waliomaliza mwaka wa kwanza, au hata walio bado ndani yake, kila mmoja kwa dakika ishirini hivi. Waliopendeza huitwa ofisini kwa mahojiano marefu na chakula cha mchana, ambapo namna ya kuzungumza mezani hutazamwa sawasawa na maarifa ya sheria. Atakayechaguliwa hufanya kazi kiangazi kimoja, kwa mshahara mnono na karamu nyingi, na aghalabu akihitimu huajiriwa papo hapo. Katika chuo cha juu, mwanafunzi wa katikati ya darasa hutafutwa. Katika chuo kisicho na jina, yampasa awe miongoni mwa wachache wa kwanza ndipo asailiwe. Wako basi wanaofanya bidii ya kuhama baada ya mwaka mmoja, wakahitimu kwa jina la chuo cha pili, na cha kwanza, kilichowafundisha misingi yote ya sheria, wasikitaje tena.

Desturi hii ina umri. Paul Cravath, wakili wa New York wa mwanzo wa karne ya ishirini, aliweka kanuni ya kuwachukua vijana waliofuzu vyema katika vyuo mashuhuri na kuwalea ofisini mwake, na ofisi nyingine zikamwiga zikidai kuwa zapima akili peke yake. Lakini Sandra Day O'Connor alipomaliza Stanford mwaka 1952, akiwa miongoni mwa wa mbele darasani, kazi aliyotajiwa na ofisi moja kubwa ilikuwa ya ukatibu. Na Ruth Bader Ginsburg, aliyefungana na mwenziwe katika nafasi ya kwanza huko Columbia mwaka 1959, alifungiwa milango ya ofisi za New York. Kumbe nasaba ya chuo ilifaa kwa mwanamume tu. Wanawake hao wawili waliishia kuwa majaji wa Mahakama ya Juu, mahali alipopata kukaa pia Robert Jackson, aliyeteuliwa mwaka 1941, ambaye elimu yake ya sheria ilikuwa kukaa chini ya mawakili wa mji mdogo na mwaka mmoja tu wa chuo huko Albany.

Daraja za vyuo zilikuwa zikinong'onwa hadi jarida la U.S. News lilipoanza kuziorodhesha, mwaka 1987 kwanza, kisha kila mwaka tangu 1990. Wakuu wa vyuo wakailaumu orodha hiyo kwa miaka mingi huku wakiihangaikia usiku na mchana. Novemba 2022 Yale na Harvard vikatangaza kuwa havitaipelekea tena habari zao, na vyuo vingine vikafuata. Jarida likatumia habari zilizokwisha kutangazwa kwa umma, likaviorodhesha vyote kama kawaida, na Yale ikawa ya kwanza, sawa na Stanford.