Panga la Springi: Mbona Linavunjika?



Vijana wa kikundi kimoja hapa Githongo walikuja kwetu wamenuna. Walikuwa wamechanga pesa, wakanunua springi kuukuu ya gari na kufua mapanga saba. Panga la kwanza lilipogonga shina la mkahawa, likavunjika kama biskuti. La pili vilevile. Wateja wakadai pesa zao. Vijana wakasema springi ilikuwa mbovu. Kumbe makosa hayakuwa ya springi.

Springi ina kaboni nyingi kuliko chuma laini cha kuchomelea madirisha. Ndiyo maana inashika makali, lakini pia ndiyo maana inataka hatua mbili za moto, na wao walifanya moja tu.

Vifaa walikuwa navyo. Rimu ya gari iliyokandikwa udongo, bomba la kupitisha upepo na feni ya kuzungusha kwa mkono: hilo ni tanuru tayari. Kipande cha ekseli ya lori kilichosimikwa kwenye gogo ni fuawe. (Bati au bomba lililopakwa zinki usilitie motoni, moshi wake huleta homa.)

Hatua ya kwanza ni kukaza. Pasha panga hadi liwe jekundu. Chukua sumaku ya spika ya redio iliyokufa, ifunge kwenye waya, uguse. Ikikataa kushika, ongeza joto kidogo tu, kisha chovya. Usichovye kwenye maji! Springi ikipozwa ghafla hivyo hupasuka. Tumia mafuta ya kupikia yaliyopashwa kiasi, ndani ya debe la chuma, wala si beseni ya plastiki. Mafuta yanaweza kuwaka, kwa hiyo fanyeni kazi nje, koleo iwe ndefu, kifuniko kiwe karibu, na watoto wakae mbali. Miwani tafadhali. Jicho halina springi ya pili.

Sasa tupa ikiteleza juu ya makali bila kukwaruza, chuma kimekaza. Hapo ndipo vijana wetu waliposimama. Lakini chuma cha namna hiyo ni kigumu kama kioo, na kama kioo huvunjika.

Hatua ya pili ni kukilegeza kidogo. Sugua kwa msasa hadi king'ae, halafu pasha polepole kuanzia mgongoni. Utaona rangi zikitembea: njano, kahawia, zambarau, mwishowe buluu. Patasi ya mbao iondoe ikiwa njano iliyokolea. Tindo ngoja zambarau. Panga, kwa sababu linapigwa kwa nguvu, ngoja buluu. Usiharakishe, rangi hupita upesi kuliko mtu anavyodhani.

Jambo jingine ni risiti. Sheria ya vyuma chakavu ya mwaka 2015 inataka wafanyabiashara wake wawe na leseni, na mwaka 2022 Serikali iliisimamisha biashara hiyo kwa miezi kadhaa kwa sababu ya wizi wa nyaya na vyuma vya stima. Mkiletewa kipande cha reli au chuma cha mlingoti wa stima kwa bei ya kutupa, kataeni, hata kama aliyeleta ni mtoto wa jirani.

Mapanga matano yaliyobaki tuliyakagua. Moja lilikuwa na ufa. Manne yalilegezwa vizuri, na yanafanya kazi. Mteja wa kwanza amerudishiwa pesa zake, wa pili bado wanamlipa kidogo kidogo.