Mafua yasiyoisha baada ya masika: Je, kosa ni la chakula?

Mvua za masika zikikatika na nyasi za kando ya barabara kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho na Marangu zikaanza kutoa maua, kliniki hupata wagonjwa wanaofanana. Pua inawasha, chafya hazikatiki asubuhi, macho mekundu yanatoa machozi, kamasi ni jepesi kama maji. Homa hawana, mwili hauumi. Wengi wamekwisha kumeza antibiotiki za duka la dawa bila nafuu yoyote, na karibu kila mmoja ana orodha ya vyakula alivyoacha kula.

Orodha hiyo ndiyo iliyonifanya niandike leo. Hivi karibuni mama mmoja alinileta mwanawe wa miaka mitano ambaye kwa miezi minne hakuonja maziwa, mayai wala ndizi mbivu, kwa kuwa majirani walimweleza kwamba ndivyo vinavyomletea mafua. Mafua yalikuwa palepale. Kilichobadilika ni uzito: mtoto alikuwa amepungua. Vipimo havikuonyesha mzio wa chakula chochote kati ya hivyo, akarudishiwa vyote, na pua ikatibiwa kama pua.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Huu ni mzio wa pua, ambao wengi wetu huuita aleji. Kinga ya mwili huichukulia chavua, ile poda laini ya maua, kana kwamba ni adui. Hutengeneza kingamwili maalumu iitwayo IgE, ambayo hukaa juu ya seli zilizo kwenye utando wa pua na macho. Chavua ikirudi, seli hizo humwaga kemikali ya histamini, na hapo ndipo muwasho, chafya na kamasi huanza. Chavua inayosumbua zaidi ni ile inayobebwa na upepo, kama ya nyasi, mahindi na mivinje. (Mijakaranda inayoupamba mji wetu kwa zambarau husingiziwa sana. Chavua yake husafirishwa zaidi na nyuki kuliko upepo.) Mwenye dalili mwaka mzima mara nyingi shida yake ni utitiri wa vumbi kwenye godoro, mende, au manyoya ya paka.

Vyote hivyo huingia kwa pua. Mzio wa chakula ni jambo jingine: huja na vipele, midomo kuvimba, kutapika, tumbo kuuma, na mara nyingi ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula. Mafua peke yake, bila dalili nyingine, ni nadra sana kuletwa na chakula.

Maziwa ndiyo yanayoonewa kuliko vyote. Imani kwamba yanaongeza kamasi ipo duniani kote, na ilipimwa. Mwaka 1990 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya watu 60 waliojitolea kuwekewa virusi vya mafua, kisha maziwa waliyokunywa yakahesabiwa na kamasi zao zikapimwa uzito. Waliokunywa maziwa mengi hawakutoa kamasi zaidi ya wengine. Maziwa huchanganyika na mate yakawa mazito kidogo kooni, na hisia hiyo ndiyo tunayoiita kamasi.

Kuna pia wanaokwenda upande wa pili. Wamesikia kwamba watoto wa mashambani Ulaya wanaokunywa maziwa yasiyochemshwa hupata mzio kwa nadra, jambo ambalo tafiti kadhaa zimelionyesha kweli. Tafadhali usilifanye hapa. Utafiti wa wagonjwa wa homa waliolazwa katika hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008 ulikuta ugonjwa wa brusela miongoni mwa visababishi, na brusela huambukizwa pia kwa maziwa mabichi. Chemsha.

Sasa nieleze mahali ambapo chakula kinaugusa kweli mzio huu, maana mahali hapo papo. Baadhi ya watu wenye mzio wa chavua huhisi midomo, ulimi na koo vikiwasha mara tu wanapokula tunda bichi. Sababu ni kwamba protini za tunda hilo zinafanana na zile za chavua, na kinga ya mwili inashindwa kuzitofautisha. Wenye mzio wa chavua ya nyasi wanaweza kuwashwa na nyanya mbichi au tikiti. Kwa kawaida muwasho huisha wenyewe ndani ya nusu saa au saa moja, na chakula kilekile kikipikwa hakisumbui, kwa kuwa moto huharibu protini hizo. Ndiyo maana mtu anaweza kuwashwa na kachumbari lakini mchuzi wa nyanya akaula bila tatizo.

Kwetu Kilimanjaro, ambako kihamba kina migomba na mara nyingi miparachichi, kuna sura nyingine ya jambo hili. Watu wenye mzio wa mpira wa asili, ule wa glavu na maputo, wanaweza kuwashwa pia na ndizi mbivu na parachichi. Wauguzi, wafanyakazi wa maabara na watu waliofanyiwa upasuaji mara nyingi ndio walio katika hatari zaidi. Kama glavu zinakutoa vipele na parachichi linakuwasha mdomo, mweleze daktari yote mawili kwa pamoja, hasa kabla ya upasuaji wowote. Na ulimi ukivimba, sauti ikikauka, pumzi ikibana au ukihisi kuzimia baada ya kula, hiyo si ya kusubiri. Kimbilia hospitali.

Msomaji atauliza: je, hakuna chakula kinachotuliza mzio? Hapa mkoa wetu una habari ya kujivunia. Aprili 2025 watafiti wa KCMC na wenzao wa Nijmegen, Uholanzi, walichapisha utafiti uliofanyika Kilimanjaro kwa vijana wa kiume 77 wenye afya njema. Waliozoea chakula cha asili cha vijijini walipewa kwa wiki mbili chakula cha kizungu chenye vitu vilivyosindikwa na vya kukaanga. Waliozoea chakula cha mjini walirudishwa kwenye mboga, maharage, matunda na nafaka zisizokobolewa. Kundi la tatu lilikunywa mbege kwa wiki moja, na kundi dogo halikubadili kitu. Waliohamia chakula cha kizungu, viashiria vya uvimbe kwenye damu vilipanda na seli zao za kinga zikapungua nguvu mbele ya vimelea. Waliorudi kwenye chakula cha asili na waliokunywa mbege walielekea upande wa pili, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye.

Lakini hakuna aliyehesabu chafya katika utafiti huo. Haukuwa utafiti wa mzio, na atakayekuuzia unga wa ulezi kama tiba ya aleji akiutaja, amekwenda mbali kuliko watafiti wenyewe. Unachoonyesha ni kwamba chakula huisogeza kinga ya mwili ndani ya wiki chache tu. Ushahidi wa karibu zaidi na pua unatoka kwenye uchunguzi mkubwa wa watoto na vijana wa nchi nyingi uliochapishwa 2013: waliokula vyakula vya haraka mara tatu au zaidi kwa wiki walikuwa na pumu na mzio wa pua mkali zaidi, na waliokula matunda mara kwa mara walikuwa na nafuu. Uhusiano huo hauthibitishi kwamba kimoja kimesababisha kingine. Mimi binafsi unanitosha kumshauri mzazi apunguze chipsi na soda na kumrudishia mtoto kiburu na mboga za majani, ila simwahidi kwamba pua itafunguka.

Mbege, kabla hamjanishangilia, ni pombe. Pombe hupanua mishipa midogo ya damu puani na kuifanya izibe, na vinywaji vilivyochachushwa huwa na histamini ndani yake. Mwenye mzio anaweza kulala na pua iliyoziba baada ya kibuyu kimoja tu, hata kama huo uvimbe wa kwenye damu umeshuka.

Asali nayo haikosi kutajwa. Hoja yake inavutia: asali ya hapa ina chavua ya hapa, basi ukiila kidogo kidogo mwili utazoea. Ila nyuki hukusanya chavua ya maua yanayowavutia, na inayotusumbua ni ile inayopeperushwa na upepo. Utafiti wa Marekani wa 2002 haukuona tofauti kati ya asali ya eneo husika na sharubati iliyofanana nayo. Wa Malaysia wa 2013 uliona nafuu, lakini kwa dozi ya gramu moja kwa kila kilo ya mwili kila siku. Mtu wa kilo 70 angekula gramu 70, na sukari yake yote. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwa hatari ya sumu ya botulini.

Kwa kweli jiko huathiri pua kwa moshi kuliko kwa chungu. Moshi wa kuni hauleti mzio wa chavua, lakini huukera utando ambao tayari umevimba. Mtoto mwenye aleji asikae jikoni wakati wa kupika.

Kuhusu dawa, nitasema machache. Setirizini na loratadini hupunguza chafya na muwasho. Piriton pia hupunguza, lakini huleta usingizi, na dereva wa bodaboda asiimeze akaingia barabarani. Pua iliyoziba hutibika vizuri zaidi kwa dawa ya kupuliza yenye steroidi, inayotumiwa kila siku kwa wiki kadhaa. Wengi huiacha siku ya tatu wakidhani imeshindwa. Na kama umeandikiwa feksofenadini, imeze kwa maji. Juisi ya machungwa, tufaha au balungi huizuia isiingie vizuri mwilini, na nimeona watu wakibadilishiwa dawa iliyokuwa nzuri tu.

Vipimo vya damu vinavyouzwa kwa bei kubwa na kutoa orodha ya vyakula hamsini vya kuacha, kwa kupima IgG badala ya IgE, havitambui mzio. Wataalamu wa mzio wa Ulaya walitoa msimamo huo tangu 2008. IgG mara nyingi huonyesha tu kwamba chakula hicho umewahi kukila.

Mtoto akianza kukohoa usiku, kifua kikitoa mluzi au akishindwa kukimbia na wenzake, mlete apimwe pumu. Wengi wenye pumu wana mzio wa pua pia, na pua isipotibiwa, pumu inakuwa ngumu kuidhibiti.