Kahawa ya Mji wa Kale haipimwi kwa ladha pekee

WAHENGA walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, katika Mji wa Kale wa Mombasa, kahawa njema imezoea kujitembeza. Muuzaji hupita vichochoroni na dele lake, akigonganisha vikombe ili wateja wajue amefika.

Wauzaji wengine huketi mahali pamoja, na vituo vyao huanza kujaa baada ya swala ya alasiri. Mgeni anayetoka Fort Jesus na kufuata barabara ya Ndia Kuu anaweza kukuta zaidi ya kimoja. Je, atajuaje kilicho bora?

Kigezo cha kwanza ni kahawa yenyewe. Buni hukaangwa hadi ziive sana, zikatwangwa na kuchemshwa, mara nyingi pamoja na tangawizi au iliki. Haitiwi sukari, uchungu wake hutulizwa kwa tende, halua au kashata. Dele hukaa juu ya makaa ili kinywaji kisipoe. Kahawa vuguvugu ni dalili ya muuzaji mzembe.

Cha pili ni usafi. Vikombe hivyo vidogo visivyo na mkono hupita midomo mingi kwa jioni moja. Yatazame maji ya kuvioshea kabla ya kulitazama dele. Yakiwa yamegeuka rangi, shika njia yako, hata kahawa inukie vipi.

Cha tatu, ambacho huvishinda viwili hivyo, ni baraza: kile kikalio cha mawe kilichojengwa ukutani mbele ya nyumba. Hapo ndipo habari za misiba, harusi, siasa na kandanda hupokelewa na kuchambuliwa. Kikombe ni kidogo, lakini humpa mtu haki ya kuketi jioni nzima.

Kituo bora ni kile ambapo hamali na mwenye duka huketi bega kwa bega, na kijana huweza kumpinga mzee mradi achunge adabu. Pale ambapo kila mteja hunywa kimya akitazama simu yake, kilichopo ni kahawa tu.

Hata hivyo, mwamuzi wa haki hatasahau kasoro moja: mabaraza ya njiani ni ya wanaume kwa kiasi kikubwa, nao wanawake wengi hunywa kahawa yao majumbani.

Mwaka 2015, UNESCO iliitambua kahawa ya Kiarabu kuwa turathi ya kitamaduni kwa ombi la Oman, Saudi Arabia, Qatar na Umoja wa Falme za Kiarabu. Desturi ya Mombasa ni jamaa ya hiyo, kwani majahazi yaliunganisha pwani hii na Uarabuni kwa karne nyingi.

Mji wa Kale nao ulitangazwa eneo la hifadhi. Lakini sheria hulinda kuta na milango ya nakshi. Haiwezi kulinda mazungumzo. Nyumba kongwe ikibomolewa na jengo jipya likainuka bila baraza, muuzaji hubaki na dele lake, ila wateja hukosa pa kuketi.

Kwa hivyo, mgeni asikimbilie kuhukumu kwa kikombe kimoja. Atoe salamu, asogezewe nafasi, aagize cha pili. Asiposogezewa, basi amekwisha kupata jibu lake.